Uzi: Maneno yanayotupeleka vitani. Tulinganishe Nyerere wa 1968, Nyerere wa 1978 na wengine

MwalimuMtoni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita, upande wa Temeke. Muhula huu niliwapa vijana wangu maandishi kadhaa kuhusu vita nikawataka walinganishe: nani anashawishi zaidi, na anashawishi kwa njia gani? Karibu wote waliniletea orodha ya tamathali za semi. Takriri, yaani kurudiarudia maneno, ipo, tashtiti ipo, sitiari ipo, mifano miwili miwili, kazi imekwisha. Siwalaumu, maana ndivyo tulivyowazoesha. Ila jambo hili limenikaa rohoni kwa sababu vijana hawahawa ndio wanaopokea sauti na video za vita kwenye simu zao kila siku. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 niliwasikia wakibishana kwa maneno waliyotumiwa na watu wasiowajua, na hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini ameuamini upande aliouamini.

Kwa hiyo naweka hapa namna ninavyoyasoma mimi maandishi ya aina hii. Wenye maoni mchangie, wenye kupinga mpinge.

Anayeandika kuhusu vita anamwomba msomaji akubali watu wafe. Huenda ni adui, huenda ni mtoto wa msomaji mwenyewe. Basi kabla sijaanza kutafuta takriri, huuliza gharama ya vifo hivyo imewekwa wapi ndani ya maandishi. Imetajwa? Imebebeshwa nani? Halafu natazama mwandishi amemtendea nini mtu anayempinga: amempa nafasi ya kusema au amemziba mdomo? Maswali haya mawili hunionyesha mengi kuliko tamathali zote.

Tuanze na mtu tunayemjua wote, maana alituachia maneno mawili ya vita yanayotofautiana kana kwamba si ya mtu mmoja.

Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mwezi huohuo Mwalimu Nyerere akaandika makala katika gazeti la The Observer la London kueleza sababu. Tazameni anavyoingia. Mauaji ya Waigbo ya mwaka 1966 kaskazini mwa Nigeria ndiyo msingi wa hoja yake, lakini haanzi nayo. Anaanza kwa kusema kwamba pengine hakuna viongozi waliozungumzia umoja wa Afrika kuliko wa Tanzania, na kwa hiyo kuutambua rasmi utengano kulikuwa uamuzi mgumu mno kwao. Kisha anatoa jambo ambalo mtetezi mwoga angelificha: Nigeria ilikuwa rafiki yetu, na tulipohitaji msaada wa Waafrika wenzetu tuliuomba kwao. Wenye umri mnakumbuka. Jeshi letu lilipoasi Januari 1964, Waingereza ndio waliokuja kuzima maasi, na baadaye kikosi cha Nigeria kikaja kushika nafasi yao wakati tunaunda jeshi jipya. Rais wa nchi anamkabidhi mpinzani wake silaha kali kuliko zote, tena mwanzoni kabisa.

Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu anamjua msomaji wake. Ni Mwingereza, serikali yake inaiuzia Lagos silaha, na anaamini kwamba anayetaka Afrika imara lazima aitetee Nigeria moja. Msomaji huyo ana swali tayari mdomoni: ninyi si ndio mliounganisha Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, leo mnaungaje mkono watu wanaojitenga? Mwalimu anamwahi. Ndipo anapoweka kanuni yake: umoja husimama juu ya ridhaa ya wanaoungana, na watu wengi wakishaacha kuamini kwamba dola ni yao, dola hiyo haiwezi tena kuendelea. Na katikati anakubali kwamba Biafra haina serikali ya kidemokrasia, kama ambavyo Nigeria yenyewe haikuwa nayo wakati ule. Hampambi mtu anayemtetea. Mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo akikuonyesha mwenyewe kasoro ya kitambaa, hata bei yake unaiamini.

Sasa ruka miaka kumi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakashika eneo lote la kaskazini ya mto, kilomita za mraba zipatazo 1,800, na Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akazungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, na nchi nzima ikasikia redioni. Kila Mtanzania anayajua maneno yale hata kama alizaliwa miaka ishirini baadaye: uwezo wa kumpiga, sababu ya kumpiga, nia ya kumpiga, vyote tunavyo. Sentensi ni fupi fupi, kila moja inasimama peke yake. Hakuna kukubali hoja ya upande wa pili hata moja. Marafiki waliokuwa wanaleta maneno ya suluhu aliwaambia wayaache. Anayepigwa ni mtu mmoja, Amin, wala si Uganda, na hili naliona kuwa jambo la busara kubwa katika hotuba ile, kwa sababu liliwaachia Waganda undugu wao.

Lakini gharama iko wapi? Haimo. Hakuna mahali anapowaambia wazee wale ni vijana wangapi hawatarudi, wala nchi italipa nini. Miezi mitano baadaye, 11 Aprili 1979, Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu na ya Waganda waliokuwa uhamishoni. Baada ya vita tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule hapa Dar wanazijua foleni za sukari, sabuni na unga zilivyokuwa, na zilivyoendelea muda mrefu kupita miezi hiyo.

Kwa kipimo changu makala ya 1968 ni kazi kubwa zaidi ya ushawishi kuliko hotuba ya 1978, ingawa ya 1978 ndiyo tunayoikariri. Nasikiliza.

KyakaDarajani

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma bandiko lako mara mbili na ninakuheshimu, lakini hapo mwisho siwezi kukuacha hivihivi.

Mimi kwetu ni Misenyi. Unauliza gharama iko wapi katika hotuba ya 1978. Gharama tulikuwa sisi. Watu walikuwa wamekwisha kuuawa, ng'ombe wamekwisha kuswagwa kupelekwa ng'ambo, akina mama wamevuka mto kwenda kusini na watoto mgongoni. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliovuka. Mtu aliyelala porini na nyumba yake iko mikononi mwa askari wa Amin hakuhitaji kuelezwa kwamba suala lina pande mbili. Rais angesimama Diamond Jubilee akaanza na aya ya kuwatendea haki waliotaka suluhu, ingekuwa tusi kwetu. Watu wa Dar walikuwa na nafasi ya kupima hoja. Sisi tulikuwa na swali moja tu: watakuja au hawaji?

Ndiyo maana uwezo umo katika yale mambo matatu. Sababu kila mtu aliiona. Hofu ilikuwa kwamba hatutaweza, maana Amin alikuwa na ndege na vifaru, na alijigamba navyo kila siku. Hotuba ile ililenga hofu hiyo moja kwa moja. Usiipime kwa mizani ya makala iliyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa London wanaokunywa chai Jumapili asubuhi.

MwalimuMtoni

Ndugu yangu wa Misenyi, marahaba, na pole kwa yaliyowapata wazee wako.

Hoja yako ni nzito na inanisaidia kusema vizuri zaidi nilichotaka kusema. Hadhira ndiyo inayoamua mbinu. Mwaka 1968 aliongea na watu ambao hawakuwa na sababu ya kumwamini, ikabidi ajenge imani kwanza. Mwaka 1978 imani ilikuwepo, hasira ilikuwepo, kilichokosekana ni uhakika. Akatoa uhakika. Katika hilo hotuba ilifanya kazi yake barabara: mgambo waliitikia, wananchi walitoa ng'ombe na magari, jeshi likakua likapita watu laki moja.

Ninachong'ang'ania ni hiki. Hotuba ya namna ile, ikiwa mikononi mwa mtu mwenye haki, inaokoa nchi. Na muundo uleule, sentensi zilezile fupi, mambo matatu, adui mmoja mwenye jina baya, unaweza kutumiwa na mvamizi. Amin naye alikuwa na redio. Mwanafunzi wangu akijua tu kwamba utatu na takriri vinashawishi, hana namna ya kuwatofautisha watu hawa wawili. Itambidi atoke nje ya maandishi aulize: nani alivuka mto wa nani? Makala ya 1968 inampa baadhi ya majibu ndani yake yenyewe, kwa sababu imeweka hoja za upande wa pili mezani.

Binti_Keko

Nami niongeze maandishi ambayo wengi wetu tunayapita bila kuyasoma, Sanamu ya Askari pale Posta, Samora na Azikiwe. Nafanya kazi jirani. Watalii hupiga picha, sisi tunakatiza kwenda kituoni. Lakini pale chini pana maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, na ni maandishi ya ushawishi kuhusu vita kama yapo duniani.

Sanamu ilisimamishwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani, Wissmann, iliyoangushwa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Maneno yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza. Yanawakumbuka askari wenyeji wa Afrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliokufa wakimtumikia mfalme wao na nchi yao hapa Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918. Mwisho kuna ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Mwalimu ametufundisha tuulize gharama imewekwa wapi. Hapa imewekwa mbele kabisa, kifo kimetajwa. Ila angalieni kilichofanywa baada ya kutajwa. Vita ile haikuwa yetu. Mjerumani na Mwingereza walipigana juu ya ardhi yetu, wakabeba watu wetu kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wawachukulie mizigo. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao walikufa kama 95,000 kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu. Kariakoo ilikuwa kambi yao. Maandishi yanamchukua mtu aliyekamatwa kijijini akabebeshwa mzigo, yanamgeuza mtu aliyeipigania nchi yake na mfalme wake. Hiyo ndiyo mbinu kubwa iliyomo, na hakuna hata tamathali moja ya kitabuni inayoieleza.

Halafu ile ahadi ya jina. Zungukeni sanamu yote, hamtakuta jina la askari hata mmoja wala la mpagazi. Kipling huyuhuyu ndiye aliyeipa tume ya makaburi ya vita ya Waingereza maneno ya kuandika makaburini kwamba majina yao yataishi milele, na kule Ulaya kila askari alichongewa jina lake jiweni, hata wale ambao miili haikupatikana. Mtoto wake Kipling, John, alikufa vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915 akiwa na miaka 18, kwa hiyo alijua vizuri jina kwenye jiwe lina maana gani kwa mzazi. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Nikisoma maneno yale nahisi uchungu sana. Ni mazuri, yana mizani, ule usemi wa miguu na mikono unagusa. Na uzuri wake ndio unaofunika kwamba hakuna aliyeandika majina.

Wakili_Ilala

Dada wa Keko, bandiko lako peke yake linatosha kuwa uzi. Kesho nikipita Posta nitasimama nisome.

Nina swali kwa mleta mada, na nauliza kwa sababu kazi yangu ni kubishana mbele ya hakimu. Umesifu sana kule kukubali hoja ya mpinzani. Hiyo nayo ni mbinu, na tunaijua mahakamani. Unakubali kosa dogo ili usiulizwe kubwa. Mtetezi wa vita anaweza kuandika kurasa tatu za masikitiko, vita ni vibaya, hakuna anayevipenda, sisi tumelia kabla ya kuamua, kisha akaomba mabomu mengi kuliko aliyeanza kwa kelele. Msomaji anaona unyenyekevu, analegea. Utamwambiaje mwanafunzi atofautishe?

Tena hata hiyo makala ya Biafra nina shaka nayo. Kanuni ya ridhaa ya watu ni nzuri, lakini ridhaa ya nani? Ndani ya mipaka ya Biafra walikuwemo Waibibio, Waefiki, Waijo na wengine, na mafuta mengi yalikuwa kwenye ardhi ya hao wachache. Nao walikuwa na vijana waliokufa pande zote mbili. Ukisema watu wa Biafra wamekataa, umeshawaweka wote kwenye kapu moja.

MwalimuMtoni

Wakili, hapo kwenye wachache nakuunga mkono moja kwa moja. Ni udhaifu wa kweli, na ni aina ya udhaifu unaojificha ndani ya neno watu. Mwandishi yeyote wa vita akisema watu wetu wamekataa, au watu wa kule wameomba tuwasaidie, msomaji aulize ni watu gani waliokuwa na nafasi ya kusema. Katika maelezo ya kuitambua Biafra, Waigbo walifananishwa na Wayahudi wa Ujerumani: wamekataliwa ndani ya dola yao wenyewe. Kwa Waigbo waliouawa Kano na kwingineko mfano ule una uzito wote. Ila mfano mkubwa kiasi hicho ukishaingia, nafasi ya kuuliza habari za Waefiki inakuwa finyu sana.

Kuhusu kukubali hoja kwa hila. Mimi hutazama kilichokubaliwa kina uzito gani. Mtu akikubali kwamba vita vina huzuni, hajakubali kitu, maana hakuna anayepinga. Akikubali jambo ambalo likichukuliwa peke yake lingeangusha hoja yake, hapo amejiweka hatarini kweli. Kusema Nigeria ndiyo tuliyoiomba msaada tulipouhitaji ni hatari, kwa sababu msomaji anaweza kufunga gazeti pale pale akasema basi nyie hamna shukrani. Na kitu kingine: tazama kama anayekubali anarudi kulijibu jambo lile, au amelitaja akalipita haraka.

SautiYaChang'ombe

Naona mmebaki na Nyerere tu, na Kipling kidogo. Kwangu mimi maneno makali kuliko yote ya Mwafrika kuhusu vita ni ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, nchi yake ilipokuwa imevamiwa na Italia ya Mussolini: Geneva, 30 Juni 1936, mbele ya Shirikisho la Mataifa. Waandishi wa Kitaliano walimpigia miluzi aliposimama. Akasubiri, akasoma kwa Kiamhari.

Nimeyasoma sana, na kinachonigusa ni kwamba karibu hatumii maneno ya kusifia wala ya kulaani mahali ambapo ungetegemea alaani. Anaeleza kazi ilivyofanyika. Kwanza walitupa mabomu ya machozi. Kisha mapipa ya gesi ya haradali, lakini mapipa yalidhuru askari wachache tu. Ndipo wakafunga vinyunyizio kwenye ndege ili mvua laini ya sumu ienee maeneo mapana. Ndege tisa, kumi na tano, kumi na nane, zikifuatana ili ukungu utokao kwenye ndege hizo uwe shuka moja lisilokatika. Anataja askari, wanawake, watoto, ng'ombe, mito, maziwa, malisho. Hasemi Mussolini ni shetani. Anakuacha wewe umalizie.

Hiyo tisa, kumi na tano, kumi na nane ndiyo mbinu ninayoitaka vijana waijue. Mtu aliyeona hutaja idadi na namna kitu kilivyofanya kazi. Mtu anayetaka kukuchochea bila kuona hutumia maneno ya jumla: ukatili usioelezeka, unyama wa kutisha. Ukikuta maandishi ya vita yamejaa sifa na hayana kitu unachoweza kukiona kwa macho ya akili, shuku.

Na anamaliza kwa swali. Anawauliza wajumbe nirudi na jibu gani kwa watu wangu? Vitabu vyetu vinasema tashtiti ni kuuliza jambo ambalo jibu lake unalijua. Yeye alikuwa anahitaji jibu kweli. Mwezi uliofuata Shirikisho likaiondolea Italia vikwazo.

Wakili_Ilala

Kwa hiyo alishindwa. Hilo linarudi kwenye swali la mleta mada. Tunapima ushawishi kwa kilichotokea au kwa maandishi yenyewe? Wa 1978 alishinda, wa Geneva alishindwa.

SautiYaChang'ombe

Alishindwa ukumbini kwa sababu Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekwisha kuamua kabla hajafungua mdomo. Hakuna maneno ambayo yangewageuza. Lakini ni hotuba gani ya waliomnyima kura inayosomwa leo? Hata mimi niko Chang'ombe nabishana nayo karibu miaka tisini baadaye. Kuna maandishi ya vita yanayoandikwa kwa ajili ya waliomo ukumbini, na mengine ni ushahidi unaowekwa kwa watakaokuja.

Dogo_Mdahalo

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, niko kwenye klabu ya mdahalo ya shule yetu. Nimefuatilia uzi wote. Mbona Churchill, yule waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, hayumo? Kila kitabu cha Kiingereza tunachopewa kinamweka yeye kama mfano wa takriri, tutapigana ufukweni, tutapigana mashambani na mitaani.

Pia mwalimu, umesema hotuba za vita. Za kupinga vita je?

MwalimuMtoni

Marahaba mwanangu. Maswali mazuri.

Churchill kwanza. Hotuba hiyo ni ya tarehe 4 Juni 1940, Bungeni, baada ya Waingereza na wenzao zaidi ya 338,000 kuokolewa kwa meli kutoka Dunkirk, pwani ya Ufaransa. Vitabu vinakupa aya ya mwisho tu. Kaitafute yote uisome tangu mwanzo. Sehemu kubwa ni habari mbaya tupu: majeshi yalivyozungukwa, silaha zilivyoachwa, Ubelgiji ilivyosalimu amri. Nchi ilikuwa inashangilia uokoaji, na yeye akawaambia kwamba ushindi wa vita haupatikani kwa kuokoa watu, na kwamba yaliyotokea Ufaransa na Ubelgiji ni janga kubwa la kijeshi. Ile takriri inakuja baada ya yote hayo. Ina nguvu kwa sababu anayeisema ametoka kukuambia ukweli usioupenda. Ikate uiweke peke yake kwenye kitabu, inabaki kelele nzuri. Unaona kwa nini sipendi orodha za tamathali?

Ya kupinga vita nakupa moja, Martin Luther King, kanisa la Riverside, New York, 4 Aprili 1967, kuhusu Vietnam. Wenzake walikuwa wanamwuliza, wewe ni mtu wa haki za weusi, vita vinakuhusu nini? Anatoa sababu saba za kujibu swali hilo. Shika ile ya vijana weusi waliopelekwa maili elfu nane kwenda kulinda uhuru wa watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, uhuru ambao wao wenyewe hawajauona kusini-magharibi mwa Georgia wala East Harlem. Gharama inatoka kwenye bajeti inaingia kwenye mwili wa kijana mwenye mtaa wake unaojulikana. Na anakwenda mbali kuliko Nyerere wa 1968: anajaribu kueleza vita hivyo vinaonekanaje kwa mkulima wa Vietnam, hata kwa wale ambao nchi yake inawaita adui. Magazeti makubwa ya Marekani yalimshambulia kwa hilo.

KyakaDarajani

Nimekaa kimya nasoma. Hilo la kumpa adui sauti ndilo linanisumbua, niseme kweli. Sisi tulilelewa na jina la nduli, ndilo Amin aliloitwa. Nilikuwa mkubwa nilipokutana na Mganda wa rika langu Mutukula, akaniambia baba yake alikuwa askari wa Amin, alichukuliwa akiwa kijana mdogo, na akafia Lukaya, Machi 1979. Alikuwa na picha yake moja tu. Jina lile lilitusaidia kupigana, silikatai hata leo. Lakini halikuwa na nafasi ya yule baba. Mwalimu Nyerere alisema anayepigwa ni Amin, ila risasi haikujua.

Natamani shule zetu zingesoma hotuba ya 1978 pamoja na barua au maelezo ya watu wa pande zote mbili za Kagera. Wazee wanaondoka. Wenye kumbukumbu zao warekodiwe sasa.

Dogo_Mdahalo

Asante mwalimu, asanteni wote. Jumamosi hii tuna kikao cha klabu, na nataka niwapelekee wenzangu haya. Nianze na lipi? Na tufanye zoezi gani, maana tukisoma tu watalala.

MwalimuMtoni

Anza na Haile Selassie, kwa sababu hawana upande wa kushikia hapo, watasikiliza tu. Wafanye kazi moja: wachore kwa penseli kila kitu anachokitaja kinachoweza kuchorwa. Kisha uwape maandishi yoyote ya vita waliyotumiwa kwenye simu wiki hii, wajaribu kuyachora nayo. Wataona wenyewe ni yapi hayachoreki.

Baada ya hapo nenda kwenye hotuba ya 1978. Wengi wanaijua kwa kusikia, kwa hiyo ichezwe kwa sauti. Mwombe ndugu yetu wa Misenyi ruhusa uwasomee bandiko lake la kwanza na hili la mwisho, moja kabla ya hotuba na jingine baada yake.

Ya Biafra iwe ya mwisho, na hapo ndipo penye mdahalo wenyewe. Usiwagawe wanaounga na wanaopinga. Wote waandike barua moja, ya mtu wa Lagos anayemjibu Nyerere katika gazeti lilelile, mwenye akili, anayeipenda nchi yake, ambaye hajaua mtu. Wampe hoja zake zikiwa na nguvu kamili. Wakili wa Ilala ameshawapa moja, ya wachache na mafuta. Atakayekosa pa kuanzia aanze na kile kikosi cha Nigeria cha mwaka 1964, maana Nyerere mwenyewe ndiye aliyeugusia msaada ule.

Binti_Keko

Dogo, mkimaliza njooni Posta. Nitawapokea nje ya kazi saa nane mchana, tusome yale maandishi matatu pamoja.